Karani wa Kibanda cha Mashariki

Kufikia saa saba na nusu mchana Inspekta Sumaku alikuwa ameizunguka ofisi ya mapokezi ya hifadhi mara tatu na hakuna kitu kilichomnasa. Hilo lilimkera. Wenzake kituoni walimpa jina la Sumaku kwa sababu vitu vidogo vilikuwa vikimfuata vyenyewe: kishikizo kilichodondoka, tiketi iliyochanika, neno lililomponyoka mtu. Leo vimegoma.

Kwenye benchi, chini ya picha ya flamingo waliopauka kwa jua mpaka wakafanana na kuku wa kisasa, aliketi mama wa makamo aliyepakata chupa ya chai. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na vipande vya barafu na sindano mbili za insulini za dada yake.

"Ya jana jioni hakuchoma," alisema, kwa mara ya nne tangu polisi wafike. "Ya leo asubuhi hakuchoma. Mwanangu, akikosa na ya leo jioni, mimi usiniletee habari yoyote."

Dada mtu huyo alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sitini na minne, ambaye baada ya kupokea watoto wa watu maisha yake yote aliamua kuwageukia ndege. Alikuwa na darubini ya shingoni, kofia pana na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari. Mdogo wake alimsindikiza tu. Yeye mwenyewe, alisema bila aibu, ndege alimpenda akiwa ameshakaangwa, kwa hiyo jana alfajiri alibaki kulala kwenye nyumba ya wageni. Mkunga aliingia getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi pamoja na mwongozaji, akatia sahihi ya kuingia. Sahihi ya kutoka haikuwepo mpaka sasa.

Mkuu wa hifadhi alikuwa mtu wa kaptula iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alitandaza ramani mezani, akaeleza kwa fimbo. Hifadhi ina mabwawa mawili, la mashariki na la magharibi, na katikati kuna tuta. Mgeni yule alikuwa mashariki, kwa hiyo watu thelathini wako mashariki tangu kunakucha, wanapekua matete kwa miti.

"Na magharibi?" Sumaku aliuliza.

"Magharibi pamefungwa mwezi mzima. Njia ya mbao imeoza, tumeweka utepe mwekundu. Tena leo saa tisa kamili tunafungulia lango la maji, bwawa lijae kabla ndege wahamaji hawajafika. Ratiba imepangwa tangu mwaka jana."

"Hamuwezi kuahirisha?"

"Kwa ajili ya nani, Inspekta? Huko hakuna mtu."

Sumaku aliiangalia saa ya ukutani, kisha akaomba ushahidi kwamba mkunga alikuwa mashariki. Mkuu akamletea daftari la ndege.

Lilikuwa kubwa kama la msahihishaji wa mitihani, na zee kuliko nusu ya wafanyakazi. Utaratibu ulikuwa huu: mwongozaji yeyote akirudi kutoka matembezini hagusi chai kabla hajaandika ndege aliowaona, wangapi, kibanda gani na saa ngapi. Mstari wa jana ulisomeka vizuri, kwa mwandiko wa mtu asiyekuwa na haraka: kibanda cha mashariki, saa moja na robo asubuhi. Bata maji kumi na wanne. Mnandi sita. Zumbuli wawili. Karani mmoja.

"Karani ni nani?"

Mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Karani, alieleza, ni korongo mwenye mguu uliopinda, anayesimama kwenye gogo lilelile mbele ya kibanda cha mashariki kutwa nzima, anatazama wageni bila kumhudumia yeyote. Ndiyo maana akaitwa Karani. Miaka sita hajahama. Waongozaji wote huanza au humalizia orodha naye.

Aliyeandika mstari ule aliitwa Jicho, kwa kuwa alisifika kumtambua ndege kabla wewe hujauona mti. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kiti. Macho yalikuwa mekundu. Mikononi, kuanzia kiwiko hadi viganjani, alikuwa na mikwaruzo mipya. Alieleza habari yake bila kusitasita: alimpeleka Mama Mkunga kibanda cha mashariki, wakatazama ndege, ilipofika saa tatu mama akataka kukaa peke yake, yeye akarudi kuchota maji ya kunywa, na aliporejea hakumkuta. Alidhani ametangulia nyumba ya wageni.

Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Hakuitoa. Ikatetemeka tena.

"Pokea," Sumaku alimwambia.

"Si muhimu, afande."

Sajenti, mzee mwenye kilo nyingi na miezi minne tu ya kusubiri kustaafu, alikohoa kwenye kona. Kwa uzoefu wake, alimnong'oneza Sumaku baadaye, simu isiyo muhimu haipigi mara sita.

"Na mikwaruzo hiyo?"

"Matete, afande. Jana jioni nilitafuta mpaka giza."

Ilieleweka. Sumaku aliandika, akamwachia akae kwenye baraza asiende mbali.

Wa pili kuhojiwa alikuwa mzee mwembamba aliyekuwa mpima ardhi enzi zake, naye mtazama ndege, naye amefikia nyumba ileile ya wageni. Viatu vyake vilikuwa na tope bichi. Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa amekwisha kumwaga mtama: juzi wakati wa chakula cha jioni Mpima alijisifu kwamba amemwona bundi mvuvi, ndege ambaye wenzake hufa hawajamwona, na mkunga akamwambia mbele ya meza nzima kwamba alichokiona ni gogo. Watu wakacheka. Mpima akanyanyuka na sahani yake, akaenda kula chumbani.

"Ulikasirika?" Sumaku alimuuliza.

"Wewe ungefurahi?"

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kibanda cha mashariki. Saa kumi na mbili hadi saa nne. Na kabla hujaniuliza: hakuja mtu. Si mkunga, si mwongozaji, si shetani."

Sajenti aliacha kukohoa. Mkuu wa hifadhi, ambaye hakualikwa kwenye mahojiano lakini ofisi ilikuwa yake, alisogea karibu. Tope la viatuni, Mpima aliendelea, lilikuwa la leo. Ametafuta na wenzake tangu alfajiri, waulizwe. Kisha akatoa daftari lake dogo la mfukoni, akalibwaga mezani. Orodha ya jana ilikuwa humo, kwa penseli, saa kwa saa.

Sumaku aliliweka kando ya lile kubwa, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Bata maji walikuwepo kote. Mnandi kote. Zumbuli kote. Ni mmoja tu aliyekuwa upande mmoja na kukosekana upande wa pili.

Mkuu alimtangulia kusema. "Karani! Hana Karani!" Aligonga daftari dogo kwa fimbo. "Inspekta, mtu akae kibanda cha mashariki saa nne nzima asimwone Karani? Ni sawa na kuingia ofisini humu usiione meza. Huyu hakuwa mashariki. Ameandika kwa kubahatisha, akasahau kitu ambacho hata mgeni wa siku moja hakisahau."

"Hakuwepo," Mpima alisema. Midomo ilikuwa imekauka. "Gogo lilikuwa tupu. Nilishangaa mwenyewe."

"Ulishangaa lakini hukuandika."

"Tunaandika tunachokiona, bwana. Tusichokiona tutakimaliza lini?"

Kwenye benchi, mama mwenye chupa alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alimwendea Mpima akasimama naye uso kwa uso, chupa kifuani, akamwomba kwa sauti ya chini kabisa, kaka yangu, kama umemfanyia kitu nitakusamehe, niambie tu yuko wapi. Mpima akaangalia sakafu. Sajenti alikwisha kupeleka mkono kiunoni kwenye pingu, maana kwake mtu anayeangalia sakafu ameshakiri nusu.

Saa nane na dakika kumi na nane.

Ndipo Sumaku aliposikia kitu kikigongwa nyuma ya ukuta. Tok. Kimya. Tok, tok. Kilikuwa kikigongwa tangu walipofika, akakizoea kama mtu anavyozoea feni.

"Nini kile?"

"Fundi," mkuu alisema. "Wanatengeneza mabomba huko nyuma. Inspekta, turudi kwa huyu."

Lakini Sumaku aliwahi kuishi na baba mwenye karakana ya seremala, na fundi anayegonga mara moja, akafikiri dakika nzima, kisha akagonga mara mbili, hajapata kumwona. Aliwaomba wasiondoke, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita ukumbi ulionuka dawa, akasukuma mlango wenye msalaba wa kijani.

Macho mawili ya manjano yalimtazama kutoka usawa wa kifua chake.

Kuna jambo moja ambalo Sumaku hakuwahi kuwaambia wenzake kituoni: jogoo alimfukuza utotoni, na tangu siku ile kitu chochote chenye mdomo mgumu na manyoya kilimfanya atafute mlango. Safari hii hakuutafuta. Korongo alisimama ndani ya kizimba cha waya kwa mguu mmoja, wa pili umefungwa bandeji nyeupe mpaka gotini, na mbele yake palikuwa na sufuria tupu. Aliinama, akaigonga. Tok.

Daktari wa wanyama aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini yake. "Karibu. Anadai samaki. Amekula saa moja iliyopita, usimwamini."

"Huyu ndiye Karani?"

"Ndiye. Wavu ulimkata mguu ule mbovu."

"Umemchukua lini?"

"Juzi jioni, kabla jua halijazama. Nilikuwa mimi na mtu wa mtumbwi tu. Nilimwandikia mkuu ripoti, nikaiweka mezani kwake."

"Jana asubuhi alikuwa humu?"

"Jana asubuhi alikuwa juu ya meza hiyo na usingizi wa sindano. Kwani vipi?"

Sumaku alishika waya wa kizimba. Kumbe kitu kilikuwa kimemnasa tangu mwanzo, ila kilimnasa kwa nyuma.

Alirudi polepole, maana angekimbia wangemsoma usoni. Mlangoni alimwelekeza Sajenti amwachie Mpima kiti na maji, na amwite Jicho kutoka barazani. Sajenti alimtazama kama mtu aliyepokonywa sahani ikiwa bado na nyama, lakini alikwenda.

Jicho aliketi tena ukingoni. Sumaku alimfungulia daftari kubwa, akamwomba samahani kwa usumbufu. Ni kwamba tu yeye si mtu wa ndege, alisema, na kuna mahali hajaelewa. Mpima anadai Karani hakuwepo jana. Jicho yeye alimwona?

"Nilimwona, afande."

"Mahali gani hasa?"

"Palepale pake. Juu ya gogo."

"Amesimama vipi?"

"Kama siku zote. Mguu mmoja chini, ule mwingine ameupinda hivi." Alionyesha kwa mkono wake uliokwaruzwa. "Mama alimpenda sana. Alimtazama kwa muda mrefu."

Simu ilitetemeka mfukoni.

"Njoo," Sumaku alimwambia, "nikuonyeshe kitu."

Walipita ukumbini, Jicho mbele, Sumaku nyuma, na nyuma yao mkuu wa hifadhi na fimbo yake. Mlango wenye msalaba wa kijani ulikuwa bado wazi. Jicho alifika kizingitini akasimama kana kwamba amekanyaga msumari.

Karani alimwangalia. Akainama. Tok.

"Yuko hapa tangu juzi," Sumaku alisema. "Wewe ulimwona wapi jana?"

Hakuna mtu aliyetazamia kwamba siku moja Karani angekosekana, na hilo ndilo lililomponza Jicho. Miaka sita mkono wake ulikuwa umezoea kuandika jina lile kwanza na kutazama baadaye. Mkuu alifungua kinywa, akakumbuka rundo la karatasi ambazo hajazisoma mezani kwake, akakifunga.

"Sikuulizi kwa nini," Sumaku alisema. "Hiyo tutaongea mpaka uchoke. Nakuuliza wapi."

"Magharibi," Jicho alisema.

Wote watatu waliangalia saa kwa pamoja. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na nne.

Yaliyobaki aliyasema huku wanakimbia kuelekea kwenye gari, vipande vipande, akipumua katikati ya maneno. Bundi mvuvi yuko kweli, ana kiota nyuma ya kibanda cha magharibi. Mama Mkunga alisikia fununu, akambembeleza ampitishe chini ya utepe, nusu saa tu. Walipofika simu ikalia: mke wake ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku. Alitaka kurudi na mgeni wake, mama akakataa. Nenda, alimwambia, mtoto hangoji zamu yako iishe, mimi nakaa hapahapa. Akaenda. Aliporudi saa nane mchana, kibanda kilikuwa kitupu.

"Ulimwita?"

"Mara mbili."

"Kwa sauti?"

Jicho alifuta uso kwa kiganja. "Niliogopa kuita kwa sauti, afande. Nina barua ya onyo tayari. Ningesikika niko magharibi. Nikajua ametoka mwenyewe. Jioni alipotafutwa nilikuwa nimeshaandika mashariki."

Mkuu alikuwa akiita kwenye redio bila kukoma, lango, lango, na lango halikujibu. Mlinzi wa lango la maji, alieleza, ana desturi ya kuiacha redio kibandani mwake na kushuka kwenye usukani kwa miguu. Na saa yake, aliongeza kwa sauti ya kufa, hukimbia mbele dakika kumi.

Wakagawana. Sajenti na mkuu wakachukua gari kwenda langoni, kilomita kumi na nne za barabara ya kokoto. Kwa wengine ni Mpima aliyeokoa muda. Aliposikia neno magharibi hakungoja kuombwa radhi. Mwaka fulani yeye ndiye aliyelipima tuta lile, na alijua mahali ambapo mtu anaweza kukata moja kwa moja badala ya kuzunguka. Akatangulia na tope lake viatuni. Nyuma yake Jicho, Sumaku, daktari wa wanyama na mkoba wake, na mwisho mdogo wa mkunga, mtu aliyesema ndege ni wa kukaanga, akikimbia na kanga begani na chupa mkononi bila kumwaga hata tone la barafu.

Walipita chini ya utepe mwekundu. Matete yalikuwa marefu kuliko mtu na makali pembeni kama karatasi mpya. Yakawachora mikono vilevile yalivyomchora Jicho. Kibanda kilikuwa kitupu kama alivyosema. Saa nane na dakika hamsini na tatu.

"Sasa ita," Sumaku alimwambia.

Jicho aliita. Aliita kwa sauti iliyowainua ndege wote wa bwawa, mbingu ikachafuka kwa mabawa. Waliposhuka pakawa kimya. Kisha kutoka mbele zaidi, mahali ambapo njia ya mbao ilikwisha kuzama kwenye matete, kitu kikagongwa. Mbao kwa penseli. Hafifu, mara tatu, halafu basi.

Na chini ya miguu yao, kwenye nyufa za mbao, maji yalikuwa yameanza kutembea.

Mkunga alikuwa hatua hamsini kupita kibanda. Alimfuata bundi, ubao ukavunjika, mguu mmoja ukapita katikati ya boriti mbili ukanasa gotini, na yeye akabaki ameketi kwenye tope. Kofia ilikuwa imemkinga jua. Maji yalimfika kiunoni walipomwona, na kifuani walipomfikia. Mpima na Jicho waliingia majini bila kuvua kitu. Waliinua boriti, ikateleza, wakainua tena. Sumaku alimshika kichwa kisizame. Maji yakafika shingoni, yakagusa kidevu, yakakaa hapo.

Yakakaa. Baadaye walisimuliwa kwamba kule langoni Sajenti, mwenye kilo zote zile na miezi minne ya kustaafu, aliruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama, akamsukuma mlinzi, akauzungusha usukani wa chuma kurudi nyuma mara mia moja na arobaini bila kupumzika.

Boriti iliachia mara ya tatu.

Walimlaza kwenye tuta. Mdogo wake alimtoboa kidole kwanza, akasoma kipimo, mikono ikitulia ghafla kama ya mtu anayefanya kazi ya kila siku, ndipo akachoma sindano. Daktari wa wanyama alimwekea maji ya mshipa, akiomba radhi kwamba wagonjwa wake wa kawaida hawana mikono. Ilipita kitambo. Mkunga alifumbua macho, akawapitia wote kwa macho mmoja mmoja, akaishia kwa Jicho.

"Mkeo?"

"Amejifungua, mama." Simu ilikuwa imelowa na kufa mfukoni mwake. "Jana saa tano."

"Salama?"

"Salama. Wa kike."

"Haya." Alifumba macho. Walidhani amelala, kumbe alikuwa akikusanya nguvu. "Mwambieni yule mpima... halikuwa gogo."

Mpima alikuwa ameketi kando yake, anakamua soksi. Aligeuza uso upande wa bwawa.

Saa kumi na moja Sumaku alirudi ofisini kulichukua daftari kubwa, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo. Mkuu wa hifadhi alikuwa akisoma karatasi za mezani kwake, moja baada ya moja, hakuinua kichwa. Jicho aliketi mbele ya meza ya mapokezi na karatasi nyeupe ya maelezo, kalamu mkononi, nguo bado zikidondosha maji sakafuni. Nyuma ya ukuta ikasikika tok, tok.

Alikuwa ameandika jina lake tu. Aliuliza, bila kumwangalia Sumaku, aanzie wapi.

"Popote," Sumaku alisema. "Ila andika ulichokiona."

Jicho aliinamia karatasi. Ilimchukua muda mrefu sana kuandika mstari wa kwanza.